Meza ya karatasi: mwongozo kwa wanaojitolea katika jumuiya za Wasomali Marekani

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa mezani kuwapokea wahamiaji na wakimbizi katika jumuiya ya Wasomali, iwe Minneapolis, Columbus, Lewiston au Seattle. Mifano mingine ni ya Minnesota, jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, lakini fomu za uhamiaji ni za serikali kuu na hazibadiliki ukivuka mpaka wa jimbo.

Wengi hudhani kazi ya meza hii ni kujaza fomu. Fomu ni kazi ya mwisho, tena ndiyo nyepesi. Faili likikwama, mara nyingi kilichokwamisha ni jina lililoandikwa namna mbili, tarehe iliyogeuzwa, au barua iliyotumwa nyumba ambayo mtu alishahama. Ukivishika vitu hivyo vitatu tangu siku ya kwanza, mengine yatakwenda.

Mipaka kwanza

Kama wewe si wakili, wala mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, unaruhusiwa kutafsiri swali, kuandika jibu kama mteja alivyolisema, kutoa nakala na kumwonyesha pa kutuma. Huruhusiwi kumshauri ajaze fomu ipi au ajibu vipi. Hiyo ni kazi ya uwakili, na kuifanya bila idhini ni kosa hata kama hukulipwa senti. Ukimjazia mtu fomu, weka jina na sahihi yako kwenye sehemu ya mkalimani au ya mtayarishaji. Usiiache wazi eti kwa kuwa ulikuwa unasaidia tu.

Jumuiya inayotaka kutoa ushauri halali bila kuajiri wakili huomba kutambuliwa kwa fomu EOIR-31, na kila mfanyakazi wake huombewa idhini kwa EOIR-31A. Utambuzi wa jumuiya hudumu miaka 6, idhini ya mtu miaka 3. Andikeni tarehe hizo ukutani, maana idhini ikiisha kimyakimya, kila fomu inayosainiwa baadaye ni tatizo.

Waelezeni wateja jambo moja linalowaponza sana waliotoka Kenya. Kule notari ni wakili. Marekani notari anaweza kuwa karani yeyote mwenye muhuri wa kuthibitisha sahihi, wala hana ruhusa ya kushauri kuhusu uhamiaji. Fomu zenyewe hupatikana bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ambayo anwani yake huishia na .gov. Anayeuza fomu tupu ni tapeli, na anayepiga simu kudai malipo kwa kadi za zawadi za dukani ni tapeli zaidi.

Hatua ya 1: Chumba na saa

Meza iwe mahali ambapo anayesubiri hasikii. Wasomali wanajuana, na mwanamke hatataja talaka mbele ya binamu wa mumewe. Wekeni viti viwili upande mmoja wa meza, mteja aone unachoandika. Mnahitaji skana, mashine ya kukatakata karatasi, na kabati la kufungwa kwa ufunguo wanaoushika watu wasiozidi wawili. Awepo mkalimani wa kike angalau siku moja kwa wiki, na siku hiyo itangazwe.

Ijumaa msipange miadi kati ya saa sita na saa nane na nusu mchana. Waliopo kwenye viwanda vya nyama na maghala wengi hufanya zamu za usiku, kwa hiyo Jumamosi asubuhi inafaa kuliko Jumanne. Mwezi wa Ramadhani, hamisheni miadi mirefu iwe asubuhi.

Kabila la mtu, yaani ukoo, halina nafasi kwenye fomu ya mapokezi. Msiulize. Likihitajika kwenye kesi ya kuomba hifadhi, ataulizwa na wakili wake, faraghani.

Hatua ya 2: Uliza lugha, usiikisie

Mtu kutoka Somalia si lazima awe msemaji wa Kisomali. Wa Baidoa na maeneo ya kati ya mito huzungumza Maay, ambayo msemaji wa Kisomali cha kaskazini anaweza asiielewe vizuri. Wabarawa huzungumza Chimiini, na Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake Kibajuni. Zote mbili ni lahaja za Kiswahili. Kati ya Wabantu wa bonde la Juba wako wanaozungumza Maay, na wako waliohifadhi Kizigua walichokuja nacho mababu zao kutoka upande wa Handeni karne ya 19. Wabantu hao walihamishwa kutoka Dadaab kwenda Kakuma mwaka 2002, na wakaanza kuingia Marekani 2003. Waliokulia kambini au Eastleigh mara nyingi wana Kiswahili kizuri kuliko wanavyokiri.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe: nyumbani mnazungumza nini? Andika jibu kwenye jalada la faili kwa herufi kubwa. Bibi Mbarawa aliyepewa mkalimani wa Kisomali ataitikia "haa" (ndiyo) kwa kila swali ili asionekane mjinga, na majibu hayo yataingia kwenye fomu yakiwa chini ya kiapo.

Mtoto asitumike kumtafsiria mzazi wake. Hospitali, shule au ofisi inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kutoa mkalimani bure, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sehemu ya VI. Mwandikieni mteja kikaratasi cha Kiingereza cha kuonyesha mapokezi: jina lake, lugha yake, na sentensi moja ya kuomba mkalimani.

Hatua ya 3: Jina

Hapa msiharakishe. Kama mteja mpya ana saa moja nanyi, nusu saa iishie kwenye jina.

Jina la Kisomali ni la mtu, la baba, kisha la babu. Hakuna jina la ukoo kwa maana ya Kimarekani. Fomu za Marekani hulichukua jina la babu na kulifanya la familia. Mke habadilishi jina anapoolewa, kwa hiyo jina lake la mwisho halifanani na la mumewe wala la watoto wake. Shule huweza kumkatalia kumchukua mtoto, na bima ya afya ikamwandika kama mtu wa nyumba nyingine. Dawa yake ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au hati ya safari inayowataja pamoja. Kiwekeni nakala tatu kwenye faili, mbili za kutumika.

Halafu kuna tahajia. Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na humo herufi C ni ayn na X ni ile h nzito ya Kiarabu. Faadumo Cali Xasan wa Mogadishu anaweza kuwa Fatuma Ali Hassan kwenye kadi ya mgao ya Dadaab, na Fadumo Ali Hasan kwenye I-94, yaani karatasi ya kuingilia Marekani. Kwa kompyuta hao ni watu watatu.

Fanya hivi. Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila hati: I-94, kadi ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii), kitambulisho cha jimbo, kadi ya bima, shule, mwajiri, na hati zote za kambini. Nakili jina herufi kwa herufi, pamoja na nafasi. Kisha weka alama kwenye hati moja iliyo kiongozi: I-94 mpaka atakapopata grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), baada ya hapo grini kadi, na mwishoni cheti cha uraia. Hati nyingine za Marekani hurekebishwa zifanane na kiongozi, moja baada ya nyingine, zikianza na Social Security kwa sababu wengine wote huangalia kwake. Hati za zamani za Kenya au Somalia haziguswi. Zibaki zilivyo, na tahajia zake zote ziandikwe kwenye fomu pale panapoulizwa majina mengine uliyowahi kutumia. Kuyaficha ndiko kunakoleta maswali.

Kosa likiwa kwenye I-94 yenyewe, hurekebishwa na ofisi ya forodha na mipaka, si USCIS. Kosa la USCIS kwenye grini kadi hurekebishwa kwa fomu I-90 bila malipo, mradi uonyeshe kuwa fomu ya mwanzo ilikuwa sahihi. Ndiyo maana hakuna fomu inayotoka mlangoni bila nakala kamili kubaki kwenye faili. Anayetaka jina jipya kabisa anaweza kuliomba ndani ya fomu ya uraia.

Hatua ya 4: Tarehe

Mtaona familia nzima imezaliwa tarehe 1 Januari. Si uongo. Wengi hawakuwa na cheti, na karani wa kambi alipojua mwaka tu alijaza siku ya kwanza. Msijaribu kuisahihisha kwa kukadiria mvua au vita. Tarehe iliyoandikwa kwenye faili la ukimbizi ndiyo ya kufuata, na kuibadilisha bila hati kunasomeka kama udanganyifu. Anayeamini umri wake umekosewa sana aende kwa wakili kabla ya fomu yoyote, hasa mzee anayekaribia 65 na kijana anayekaribia 21.

Kwa kuwa siku ya kuzaliwa haitofautishi watu, na majina nayo yanafanana, tambueni kila mtu kwa namba A: herufi A na tarakimu 8 au 9. Ikiwa ni 8, fomu inayodai 9 hutanguliziwa sifuri.

Kenya huandika siku kwanza, Marekani mwezi kwanza. Chanjo ya 03/04/2015 kwenye kadi ya kliniki ya Dadaab ni ya Aprili, na muuguzi wa Minneapolis ataisoma Machi. Kwenye faili lenu andikeni mwezi kwa herufi, siku zote.

Hatua ya 5: Ni nani mtoto, ni nani mpwa

Nyumba ya Kisomali hulea yatima wa ndugu bila kutofautisha, na mtoto huyo huitwa mtoto. Sheria ya uhamiaji haielewi hivyo. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango mmoja wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA, hasa Nairobi, kuonyesha kwamba wengi waliotajwa kuwa ndugu wa damu hawakuwa hivyo. Mpango ulirejea 2012 ukiwa na masharti makali zaidi. Sehemu ya yale yaliyoitwa udanganyifu ilikuwa malezi ya kawaida yaliyoandikwa kwa neno lisilofaa.

Basi uliza taratibu: umemzaa wewe, au unamlea? Umeandikwaje naye kwenye karatasi ya UNHCR? Majibu mawili yakipishana, funga kalamu, mpe miadi na wakili. Vivyo hivyo kwa Msomali wa Kenya, mwenye haki ya kitambulisho cha Kenya, ambaye zamani aliandikishwa kambini kama mkimbizi. Kumbukumbu za alama za vidole zipo, na kauli ya uraia wa wapi haipaswi kuandikwa na mtu wa kujitolea.

Skanini kila kitu cha kambini hata kilichokwisha muda: kadi ya mgao, kadi ya mgeni, cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Garissa, karatasi ya chanjo. Rangi iwepo, pande zote mbili. Hati halisi arudi nazo mwenyewe siku hiyo hiyo. Jumuiya isihifadhi hati halisi ya mtu.

Hatua ya 6: Kalenda

Kila faili liwe na karatasi moja mbele yenye makataa, yakihesabiwa tangu siku ya kuingia:

- Siku 10 baada ya kila kuhama: fomu AR-11 ya kuarifu anwani mpya, mtu mmoja fomu moja, watoto wakiwemo. Kubadilisha anwani posta hakutoshi, kwani barua za USCIS zenye kadi hurudishwa zilikotoka. Kagueni pia kama majina yote ya nyumba yameandikwa kwenye sanduku la barua. Kwenye majengo marefu hili ndilo hula grini kadi nyingi.
- Siku 30 kwa mwanamume aliyeingia akiwa na miaka 18 hadi 25, au anapotimiza 18: kujiandikisha Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Hata mkimbizi anahusika. Akisahau, swali litamngoja kwenye uraia.
- Miezi 6: mkopo wa nauli ya ndege huanza kulipwa. Hauna riba, kwa hiyo hakuna sababu ya kidini ya kuukwepa, na kutoulipa huharibu rekodi yake ya mikopo.
- Mwaka 1: mkimbizi huomba grini kadi kwa I-485, bila ada.
- Miaka 2: mwisho wa kumwombea mwenza, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, kwa I-730. Nayo haina ada.
- Miaka 5: uraia.
- Miaka 7: posho ya SSI ya wazee na walemavu hukatika kwa mkimbizi ambaye hajawa raia.

Mstari wa mwisho usomeni mara mbili. Mzee anayeanza kufikiria uraia mwaka wa sita amechelewa. Na tangu sheria ya Julai 2025 ilipowatoa wakimbizi wasio na grini kadi kwenye msaada wa chakula wa SNAP, mstari wa mwaka 1 umekuwa wa haraka kuliko ulivyokuwa.

Kuhusu I-730, waambieni wateja ukweli. Mapokezi ya wakimbizi yalisimamishwa Januari 2025, na Juni mwaka huo Somalia ikawekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kuingia. Lakini makataa ya miaka 2 hayangoji siasa. Fomu ikishapokelewa kwa wakati, nafasi inakuwa imehifadhiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, asiye raia asisafiri nje, hata Nairobi kwa mazishi, kabla ya kuongea na wakili. Hati ya safari ya mkimbizi huombwa kwa I-131 kabla ya kuondoka, na hudumu mwaka mmoja tu.

Hatua ya 7: Siku ya kutuma

Angalia tarehe ya toleo chini ya kila ukurasa. Kurasa zote ziwe za toleo moja, na liwe lile linalokubaliwa siku hiyo. Fomu ya zamani hurudishwa nzima. Sahihi ni ya mteja kwa kalamu, si ya mwanawe. Mzee asiyejua kuandika anaweza kuweka alama yake. I-485 iende na I-693, fomu ya uchunguzi wa afya, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa. Mkimbizi aliyepimwa kabla ya safari, na hakukutwa na ugonjwa wa kumzuia kuingia, kwa kawaida huhitaji sehemu ya chanjo tu, kwa hiyo asikubali kulipia vipimo vyote. Kwenye fomu zenye ada, hundi na money order zimeacha kupokelewa tangu 28 Oktoba 2025. Hulipwa kwa kadi kupitia G-1450, au kutoka akaunti ya benki kupitia G-1650.

Tumeni kwa posta yenye namba ya kufuatilia. Risiti itakuja na namba ya herufi 3 na tarakimu 10, nayo iandikwe juu ya jalada. Ikifuata barua ya alama za vidole, mwambieni mama asipake hina vidoleni wiki hiyo. Hina na ngozi iliyosuguliwa na kazi huweza kusumbua mashine. Kwenye picha hijabu inaruhusiwa, uso uonekane wote.

Karatasi za jumuiya yenyewe

Kabla ya hatua ya mwisho, neno fupi kuhusu jumuiya yenyewe, kwani nyingi ndogo hufia hapa. Msamaha wa kodi huombwa kwa fomu 1023-EZ, ada dola 275, kama mapato ya mwaka hayazidi dola 50,000 na mali haizidi 250,000. Kisha kila mwaka mtume 990-N, taarifa fupi kwa mamlaka ya kodi, ambayo ni kazi ya dakika kumi mtandaoni. Msipoituma miaka 3 mfululizo, msamaha hufutwa wenyewe na wafadhili huondoka. Minnesota hutaka wakurugenzi wasiopungua 3 na usajili uhuishwe kila mwaka, bure. Hundi zisainiwe na wawili wasio wa nyumba moja. Na mtu akileta bahasha ya shukrani kwa barua mliyomwandikia, irudisheni mbele ya watu.

Hatua ya 8: Uraia

Miaka 5 huhesabiwa kutoka tarehe iliyochapwa kwenye grini kadi, ambayo kwa mkimbizi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia, si siku kadi ilipotoka. N-400, fomu ya kuomba uraia, inaweza kutumwa siku 90 kabla. Kabla ya hapo muulizeni, bila kumtisha, kama aliwahi kujiandikisha kupiga kura. Wako waliotiwa tiki na karani walipokuwa wakiomba leseni ya gari. Jibu likiwa ndiyo, au hata "sijui", aende kwa wakili kwanza.

Kwenye mtihani wa uraia, aliyetuma ombi tangu 20 Oktoba 2025 huulizwa maswali 20 kati ya 128 na lazima apate 12. Mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo miaka 15, hufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake, na mkalimani huja naye mwenyewe. Mwenye miaka 65 na grini kadi ya miaka 20 hujifunza orodha fupi ya maswali 20 tu. Mgonjwa asiyeweza kujifunza hujaziwa N-648, fomu ya kuomba asamehewe mtihani, na daktari au mwanasaikolojia. Nyingi hukataliwa kwa sababu daktari ametaja ugonjwa bila kueleza unavyozuia kujifunza. Uzee na kutojua kusoma, peke yake, havikubaliwi.

Siku ya kiapo grini kadi huchukuliwa, kwa hiyo iskaniwe siku moja kabla. Baada ya kiapo aende Social Security, kisha aombe pasipoti. Watoto wenye grini kadi walio chini ya miaka 18, wanaoishi naye na kuwa chini ya ulezi wake, huwa raia papo hapo, na huombewa pasipoti, au cheti cha uraia kwa N-600. Aliyeshatimiza 18 siku hiyo huanza safari yake mwenyewe na fomu yake mwenyewe, kwa hiyo kwenye rundo la N-400 tangulizeni mzazi mwenye mtoto wa miaka 16 au 17.